Kitufe Kilichozama

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeunganisha upya dikoda na televisheni yetu ya zamani leo. Mwenyewe, bila fundi, bila miwani. Picha safi kama maji ya kisima. Bugembe nzima hakuna mzee kama mimi.

Uongo. Hata daftari nalidanganya. Ni chenga tupu kwenye kioo, zinalia kama mahindi yanakaangwa. Waya tatu, matundu mawili. Nyekundu inaning'inia tu.

Leo siku ya kumi na moja Mama Hawa yuko Mbale kwa kaka yake. Huyo Ramadhani alileta televisheni bapa, nyembamba kama chapati, zawadi kwa dada yake. Nikamrudishia palepale barabarani. Nikamwambia aliyemwoa dada yake ni mimi, si yeye. Mama Hawa akafunga mzigo. Mlangoni akasema, "Basi hilo sanduku lako lionyeshe. Siku likionyesha, nitarudi."

Jioni nimempigia simu, nikasema linaonyesha. Akaniuliza bibi harusi wa ule mchezo wake wa televisheni amevaa gauni rangi gani. Nikasema nyeupe. Kumbe nyekundu. Akakata.

Jumanne, 9 Septemba

Njano nimeweka kwa nyeupe, nyeupe kwa njano. Chenga zilezile. Nimeipiga televisheni kofi la ubavu. La pili lilikuwa la Ramadhani.

Jumatano, 10 Septemba

Fundi wa stendi amekuja. Hakufungua hata skrubu moja. Dikoda haina shida, anasema, waya hazina shida. Televisheni ndiyo haihami kutoka antena kwenda kwenye waya za dikoda, kwa sababu rimoti ilikufa na kitufe kimezama ndani. Anasema niifanye kabati la nguo. Nimemwambia kichwa chake kina nafasi zaidi. Ameondoka na chai yangu tumboni.

Mjinga. Kitufe kilizama zamani na tumeangalia miaka yote.

Alhamisi, 11 Septemba

Ramadhani amepiga simu. "Afande, jeneza limefufuka?" Nimemjibu namwekea yeye nafasi. Marehemu baba yangu ndiye alikuwa mwanajeshi, mimi niliendesha lori la miwa tu, lakini huyu akitaka kunichoma ananiita afande.

Nyuma yake mchezo ulikuwa unaendelea. Mama Hawa akacheka. Kicheko kile nakijua. Hapa sijakisikia muda.

Nawachukia wote wawili. Mama Hawa kidogo.

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya swala nimeamua kuitupa televisheni. Nimeivua kitambaa alichofuma Mama Hawa, cha maua, kinachofunika mpaka usoni. Pale kitufe kilipozama pana tundu. Ndani ya tundu, uzi mweupe.

Nimekaa chini.

Umetoka kwenye sindano yake ya kufumia. Kila siku aliinuka, akachokoa pale, akarudi kukaa. Mimi kwenye kiti naagiza chaneli kama mtu anayeagiza chai. Sikuwahi kuangalia mkono wake unafanya nini.

Mjinga si fundi.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimechomoa spoku ya gurudumu la baiskeli. Nimechokoa mara moja, chenga. Mara mbili, picha. Rangi zote.

Ulikuwa mchezo wake. Bibi harusi analia jikoni. Sijui analilia nini, na hakuna wa kuniambia. Nimezima. Nimerudisha kitambaa.

Ningesema inaonyesha, asingeamini. Nilishaula ukweli wangu Jumatatu. Nimempigia hivyo hivyo. Nikasema kitufe kinataka sindano yake, na kwamba nimejua jana tu ni nani alikuwa anaiwasha. Nyuma yake hakuna mchezo, hakuna Ramadhani. Nikasema, "Mama Hawa, siku mguu wako ulipovimba nilikusukuma kwa baiskeli kutoka Budondo mpaka hapa. Ukasema wema huo utaulipa. Basi niletee hiyo sindano. Wewe mwenyewe, usimpe dereva wa teksi."