Mashine yenye kutoboa kombo

Mutaa wa Kenya, siku ya ine ya juma, 1974

Muguu ya ine pia imetoboka kombo! Viti sita ya parokia, miguu makumi mbili na ine, na padri anaitaka siku ya Mungu. Ikiyumba, kazi itaenda kwa yule fundi wa mjini mwenye diplome, anayeniita "fundi wa kubahatisha" kwa sababu sikusoma. Naogopa, niseme kweli.

Na miye nilisawazisha meza ya mashine na nivo, kile kipimo cha maji, mara tatu! Nivo ilisema meza iko sawa.

Mama mukwe, mujane wa fundi wa migodi, alikuwa nyuma ya mulango. Kwa desturi yetu hatuongei naye uso kwa uso. Maneno inapitia kwa bibi yangu, binti yake.

"Mwanangu, uliza bwana yako: mashine yake inatoboa chini, ao inatoboa kuelekea Kilwa?"

Bibi yangu akacheka mpaka akashika ukuta.

Sauti ya mama ikaendelea: "Umwambie sakafu imeinama, na mashine imeinama nayo. Nivo haiwezi kujua ile. Apinde waya, aifunge pahali pa meshi, ile chuma ya kutobolea, azungushe na mukono. Waya iguse meza pande zote."

Kushoto waya iligusa. Kuume ilibakiza milimita mbili. Nikalegeza buloni yenye kushika meza, nikainamisha meza, nikakaza. Muguu ya tano ikatoka sawa kabisa.

"Ambia mama asante," nilisema.

"Mwanangu," sauti ikajibu, "umwambie alete hapa jikoni zile miguu ine za kombo. Niko na maharagi ya kupika."