Kusonga Ndiyo Bado

Mjukuu wangu Riziki,

Huku Nakivale tuko wazima, na mbuzi wako amezaa mapacha. Unauliza kama uache hesabu, kwa kuwa mwalimu wako huko Mbarara anapima kila ujuzi kivyake, na amekuambia urudie milinganyo tu.

Bugali wangu wa kwanza, kule Kivu, ulijaa mabonge. Mama yangu alionja, akasema, "Moto unajua. Maji unajua. Kusonga ndiyo bado." Kesho yake akawasha moto mwenyewe, akachemsha maji, mimi akanipa mwiko tu. Nilisonga siku mingi, mkono ukiniuma.

Leo wageni wakija, hakuna anayethubutu kugusa mwiko wangu. Rudia milinganyo, Riziki. Ukija likizo, bugali utausonga wewe.

Bibi yako