Mikarafuu Sita ya Shemeji

Jumatatu, 8 Julai 2024
Nimepalilia karoti hadi saa sita. Mgongo unauma. Kosmas, mume wa marehemu dada Leonia, bado yuko kwenye kishamba cha ukoo wetu. Dada ana mwaka wa pili kaburini, hakuacha mtoto, na huyu hang'oki. Kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama, ila mti ni wa aliyeupanda. Ana mikarafuu sita. Ikisimama, naye yupo. Namchukia.

Alhamisi, 11 Julai
Kanifundisha kuweka samadi. Nisirundike shinani, niizungushie mbali, usawa wa ncha za matawi, kwenye vinyweleo vya mizizi. "Mzizi hautafuni, shemeji. Unakunywa kilichoyeyuka kwenye maji." Anapenda kufundisha, mpumbavu.

Jumamosi, 13 Julai
Nimeshuka mjini kuuza karoti. Nimerudi na chumvi ya mawe, mfuko mzima. Muuzaji kauliza kama nina ng'ombe. Nikasema ninao.

Jumapili, 14 Julai
Kosmas kaenda misa ya kwanza. Nikachimba kuzunguka kila mti, palepale aliponionyesha. Chumvi, maji, udongo juu. Misa ya pili nikapokea komunyo.

Jumamosi, 27 Julai
Majani yanakauka kuanzia kingo.

Jumanne, 13 Agosti
Kaniuliza miti ina nini. Nikamwambia ina njaa. Kapandisha samadi ya mbuzi kutoka bondeni, kichwani, safari nne, na lile goti lake bovu. Nilikaa mlangoni nikimtazama. Nilifurahi, siandiki uongo.

Jumatano, 4 Septemba
Yote sita ni kuni. Mjomba, mkuu wa ukoo, kasema asiye na mti hana neno. Kosmas kaenda kwa mpwa wake, huko mjini Kihonda, na sanduku moja. Kaniachia jembe na samadi iliyobaki. "Shamba lina njaa, shemeji. Lilishe."

Jumapili, 24 Novemba
Mvua nzuri. Nimepanda maharage mara mbili. Yanaota, yanageuka manjano, kingo zinaungua. Samadi yake nimeimaliza. Mvua imeshusha maji ya pale kwenye visiki hadi matuta ya chini. Leo nimeonja udongo, nikatema. Anayejua dawa yake yuko Kihonda. Atataka kujua kwanza nilitia nini.