Pondu ya mashini kule Mangobo

Furaha, mutoto yangu,

Huku Kisangani mvua inanyesha mpaka samaki wanatafuta mwavuli, lakini mjomba wako, tonton Bosco, iko muzuri. Jana nilikumbuka bega lako linalouma kwa kutwanga majani ya muhogo, pondu ya kuuza.

Walimu wa université na watu wa soudure, wale wa kuunga vyuma katika mtaa wa Mangobo, wametengeneza mashini ya kutwanga pondu. Ya kwanza ilitoa majani kama maji ya sabuni, wamama wa soko wakaikataa. Donc wakaketi wote pamoja, wamama wanasema kasoro, wengine wanakata chuma upya. Jana ilikuwa kuonja sahani mbili, ya kinu na ya mashini. Wakaniita mimi, maana ulimi wangu unajulikana mpaka Kinshasa.

Nikafunga macho. Nikasema, "Hii ndiyo ya kinu. Chuma haiwezi kutoa utamu hivi."

Mama mumoja akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. "Tonton, hiyo ni ya mashini."

Bon. Kama ulimi huu umedanganyika, basi mimi ndiye niliyeipa mashini diplôme.

Nikaomba mashini moja kwa ajili yako huko Bafwasende. Mwalimu akasema, "Kule Bafwasende tunatafuta kwanza mutu wa kutuambia kila kitu kisicho sawa."

"Muko naye," nikamujibu. "Hata siku ya Noeli analalamika."

Barabara ikikauka watakuletea mashini. Sisi nyumbani tulikuita mugomvi, Furaha, na huku watu wanangojea hayo malalamiko yako. Nimefikiri sana juu ya hiyo. Kumbatia watoto.

Tonton wako, Bosco