Mabeseni ya Mizelli

Dada Mizelli,

Farasi wa Mama amezaa njiani, tukitoka kwenye gulio la farasi la Appleby. Mama anakusalimu.

Juzi tulikuwa tunapogoa miti mtaani kwenu. Mwenye nyumba alishatukaribisha chai, mara jirani yake akapiga kelele dirishani: "Usiwape kazi Wajipsi hao wa kuhamahama, watang'oa hata paa lako!" Tukafukuzwa, kazi ikiwa nusu.

Pazia la dirisha hilo lilikuficha uso, dada, lakini chini yake niliyaona mabeseni mawili, la vyombo na la kunawia, yametengwa kama Mama alivyotulea sisi Wajipsi, yasichanganywe kamwe. Majirani zako hawaoshi hivyo.

Baba, ambaye siku hizi haoni vizuri, akaniuliza, "Sauti ile si ya Mizelli wetu?"

Nikamjibu, "Hapana, Baba. Huyo si wetu."

Aliyekuwa mdogo wako,
Hezekiah