Shabani Akija Sikukuu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Baridi ya Shume ya miezi hii naijua, usishuke bondeni kung'oa karoti kabla jua halijatoka, waachie wenye magoti mazima. Mimi mwili ni mzima. Ila kazi sina tena, na aliyenifikisha hapa ni Shabani. Nimeona uyapate kwangu kabla hajafika huko na maneno yake.

Lile jengo la maofisi nililokusimulia limekwisha. Taa zake haziwashwi ukutani kama zile za msikitini kwetu. Kila ghorofa ina kisanduku chake, na vyote vimeungwa kwa waya na kompyuta iliyoko chini. Kila kisanduku unakipa namba yake, ndiyo anwani, ili kikiitwa kiitike chenyewe tu. Halafu unakipangia nguvu: umeme ukikatika na jenereta likianza, taa ziwake nusu, ghorofa moja baada ya nyingine, jenereta lisielemewe. Kazi hiyo nilikabidhiwa mimi, nami nikamwombea Shabani awe msaidizi wangu. Nilimfundisha kwa Kishambaa, ndicho kilichomwingia upesi. Wenzetu walikuwa wakitutania, "Wasambaa wanateta tena!" Nasi tunacheka.

Ghorofa ya tano nilimwachia aipange peke yake. Akaipa namba ya ghorofa ya nne, na nguvu akaiweka yote, eti tajiri mwenye jengo akija aone inavyong'aa. Tajiri akaja na wageni wake, umeme ukakatika kama kawaida yake, jenereta likaanza. Ghorofa mbili zikaitika kwa pamoja, ile ya tano kwa nguvu zote. Jenereta likakohoa, likazimika, na tajiri amenasa ndani ya lifti.

Msimamizi wetu akapanda ngazi akitweta. "Nani kapanga hii ya tano?"

Mama, ningeweza kumtaja pale pale. Sikutaka kumuumbua mbele za watu. Nikamgeukia Shabani, nikamwambia taratibu kwa Kishambaa aseme mwenyewe kwamba kakosea, nami nitasimama naye, tutarekebisha sasa hivi.

"Anasemaje huyu?" msimamizi akamuuliza.

Shabani akanitazama usoni. "Sijui, bosi. Hicho kilugha chake mimi sikielewi. Mimi nafanya anavyoniambia tu."

Wale waliokuwa wakitutania kila siku wakatazama chini. Kila mtu na ugali wake. Msimamizi akasema fundi mkuu ni mimi, basi mzigo ni wangu, na hata kabla ya adhuhuri nilikuwa nje ya geti. Nafasi yangu kapewa Shabani.

Kuachishwa kazi si mara ya kwanza, nitapata nyingine. Linaloniuma ni hilo neno lake. Ulimpokea kichanga, mama yake ndiyo kwanza kazikwa, ukamnyonyesha titi hili na mimi lile. Kishambaa alikipata mapajani pako. Nina hasira naye, mama, na uchungu umezidi hasira.

Nasikia atakuja sikukuu ya Idi na amekununulia blanketi. Atakuambia nilizembea, na kwamba alinitetea ikashindikana. Sitakuomba umfukuze, wewe ni mama yetu sote wawili, na blanketi lipokee, baridi haina ugomvi na mtu. Ninachoogopa ni kimoja tu, umwamini yeye.

Nisalimie bibi, dawa yake ya kikohozi bado naitafuta. Mjomba mpasua mbao mwambie mkono wake upone upesi, na mdogo wangu wa mwisho asome, asinifanye mimi kisingizio.

Shabani akija, habari za taa usimuulize. Mkaribishe, mpe chai, aote moto kwanza. Kisha muulize kwa Kishambaa, taratibu kama nilivyosema naye mimi: ndugu yako umemwacha wapi? Akikujibu, basi na siku ile alinielewa.

Mimi mwanao,
Athumani