Ndoo Namba Saba

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nimekaa juu ya gunia la mbolea, karatasi iko gotini, kwa hiyo mwandiko ukipanda na kushuka kama njia ya panya msinicheke. Mgongo unaendeleaje? Na lile jicho la kushoto, bado linatoa machozi ukikaa karibu na moshi? Mimi mwili mzima. Moyo ndio haujakaa vizuri, utasikia huko mbele.

Mdogo wangu, wewe unayesoma, kwanza funga mlango. Jirani yetu mwenye masikio marefu akiuliza, mwambie ni salamu tu. Soma polepole, usiruke. Pakiwa pamekosewa soma hivyo hivyo, unajua mimi na shule tuliagana darasa la nne.

Mama, Jumapili nilipopiga simu nilitaka kukwambia neno, nikalikwepa. Tukaongea habari za mbuzi mpaka simu ikakata, na wewe ukashangaa mtu mzima kupiga simu kuulizia mbuzi. Basi dereva wa kituo chetu cha utafiti anapita huko Ijumaa kuchukua udongo wa kupima, barua hii namkabidhi mkononi.

Hapa kazi ni zile zile, kupalilia, kufukuza ndege, kubeba ndoo. Yule binti wa chuo niliyekwambia bado yupo. Tunamwita Dada Rula, kwa sababu hata akienda kunywa chai rula iko mfuko wa nyuma. Utafiti wake ni wa maharage. Anatafuta mbegu ambayo mvua ikikata wakati wa maua bado itazaa, na mtoto akila inamwongezea damu. Anataka kijana mwenye kipande kidogo cha shamba apande bila kushinda anaangalia mawingu. Ni mpole mama. Ndiye aliyenifundisha kusoma kipimo cha joto, na nikikosea hacheki.

Unakumbuka alivyotuomba vibarua wote tulete mbegu za nyumbani. Wewe ukanifungia ngumi mbili kwenye kitambaa, ukasema hii ni ya bibi, nisiichezee. Zilikuja mbegu za aina kumi na mbili, kila aina ikapandwa kwenye ndoo tatu ndani ya banda la nailoni, mvua isiingie. Yako ikapewa namba saba. Maua yalipotoka, Dada Rula akafunga bomba kwa waya. Akatuambia kwa wiki tatu hakuna hata tone, hata zikituita kwa majina.

Siku ya tano zikaanza kukunja majani. Namba saba ilitangulia. Mpima mizani, yule ambaye mdomo wake hauna mlango, akaniuliza kama mama yangu alituma mbegu au alituma marehemu. Akasema tuchange sanda. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mimi nikacheka. Huku nimejifunza kucheka, mama.

Siku hizo hizo wakanipa jina, Ngamia. Nilikuwa naenda kazini na dumu la lita tano la maji ya kunywa, na wao wakirudi kutoka kula mchana wanalikuta tupu. Wakasema huyu akihamia kwenu kisima kitakauka.

Yaliyofuata unayajua, niliyaandika mwenyewe kwa mbwembwe. Wiki tatu zilipoisha, mbegu za wenzangu zilikuwa vijiti, namba saba imesimama na maganda yake. Dada Rula akapiga kelele, akanishika mikono yote miwili mbele za watu, akasema mama yako ana hazina. Wazee wa chuo wakaalikwa waje waone. Nami nikakuandikia kwamba maharage ya bibi yameshinda jua.

Halafu wiki iliyopita mdogo wangu akanitumia ujumbe. Kwamba umegawa mbegu nyumba tisa. Kwamba vijana wa kikundi wanapanga foleni mlangoni. Kwamba shamba la juu, lile lisilo na maji karibu, mwaka huu hupandi mtama hata punje, unajaza maharage ya bibi peke yake. Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Mvua ziko njiani, na shamba la juu ndilo chakula chenu cha mwaka mzima.

Mama, lile dumu sikunywa mimi.

Watu wakienda kula nilibaki, nasema sina njaa. Nazimwagia ndoo tatu za namba saba, polepole, kwenye shina, halafu nanyunyiza udongo mkavu juu pasionekane. Mchana kweupe. Kisha nashinda na kiu hadi jioni. Sikutaka sifa, naapa. Siku ile ya kuchekewa sanda nilikuona akilini unavyozipepeta hizo mbegu, unavyookota hata iliyoangukia kwenye majivu. Nikashindwa kuziangalia zinakufa mbele ya watu wale. Nilidhani ni siku moja tu. Zikawa kumi na moja.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jana nimemwambia Dada Rula. Nilimkuta anaandika maneno ya kusoma mbele ya wazee wa chuo, yangu yakanitoka nikiangalia viatu vyake. Hakunitukana. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniuliza nilimwagia siku zipi. Nazikumbuka zote, nikazitaja, akaandika. Nikamuuliza kama basi mbegu ya mama ni mbaya. Akasema si mbaya na si nzuri, ila hatujui, na mwaka wake mzima umekwenda ili tubaki pale pale, hatujui. Leo amepita mbele yangu hajaniita Ngamia, hajaniita kitu. Msimamizi amesema Jumatatu niende ofisini na buti za kituo.

Basi nisikilize mama. Shamba la juu panda mtama, kama siku zote. Maharage ya bibi yabaki kando ya kisima yalikozoea. Wale wa nyumba tisa wasipande zaidi ya mstari mmoja wa kujaribu, wasije wakalala njaa kwa sababu yangu. Na unibakizie ngumi mbili. Nifukuzwe nisifukuzwe, nitazifikisha mwenyewe kwa Dada Rula, ili akitaka kuanza upya asikose mbegu.

Mdogo wangu, hapo juu nilikwambia ufunge mlango. Nilikosea. Ufungue. Waite wote tisa na vijana wa kikundi, jirani wa masikio marefu mweke mbele kabisa, kisha rudia barua hii tangu mwanzo, kwa sauti. Mimi nisingeweza kusimama mbele yao, unanijua.

Nisalimieni watoto wa dada. Mama, ukikasirika kasirika, una haki, ila usiuinamishe sana mgongo wakati wa kupanda.

Ni mimi mwanao,
Ngamia wa uongo